Barua yangu imefungua barabara ya Mjimwema

Ndugu zangu, leo barua yangu imesomwa kwa sauti mbele ya watu, nami nimesimama wima.

Kuna gemu ya simu ya mbio za bodaboda iliyotengenezwa na jirani yetu hapa Mfaranyaki, Mwalimu Zawadi. Tuliinunua kwa sababu tangazo lilionyesha safari hadi Mjimwema.

Ukikaribia Mjimwema, inakudai malipo ya ziada!

Nikamwandikia Mwalimu barua: "YAH: OMBI LA KUFIKISHWA TULIKOAHIDIWA." Asubuhi nikaipeleka kwa mkono.

Mwalimu akaniamkia, akaisoma yote mbele ya wageni wake, kisha akatabasamu.

"Baba Tumaini, wewe unawaandikia watu barua. Mtu akirudi kuongeza aya, humtozi?"

"Leo umepatikana, mzee!" wageni wakacheka.

Nakiri kwamba swali lilikuwa la haki. (Naam, huwa natoza.)

Kisha nikajibu: "Mwalimu, aya aliyoifikiria baadaye, natoza. Aya aliyonieleza tangu mwanzo nikaiacha mimi, naiandika bure, tena kwa kuomba radhi. Siku ukiongeza barabara ya Tunduru, ambayo hukuitangaza, nitalipia bila kunung'unika. Lakini Mjimwema ilikuwamo kwenye tangazo."

Kicheko kikakoma. Mwalimu akalifungua tangazo lake mwenyewe, akalitazama.

"Hapo umenishinda, baba. Jioni naifungua kwa wote."

Ndugu zangu, nimeingia Mjimwema sasa hivi, kwa malipo yale yale ya awali.

Je, nilikosea kuahidi kulipia Tunduru? Toeni maoni, kwa lugha ya staha.