Vijia Nilivyoviona Kwenye Ramani ya Ruwenzori

Mimi iko muntu niliyejitengeneza mwenyewe. Nilianza kwa kubeba matofali, leo nina duka langu la kushona viatu hapa Elisabethville. Basi mdomo ukaniponza: nilimwambia munganga mmoja muzungu wa hospitali, mteja wangu, kwamba nimepanda Ruwenzori mara mbili. Alikuwa anatafuta kapita wa kuongoza wapagazi wake kupanda mulima ule, na cheo kile nilikitaka sana, majirani wanione.

Jumapili akaja, akatandika ramani mezani. “Tupandie wapi?”

Kusoma ramani sijui, lakini niliona mahali mistari myembamba imebanana kama nywele. Nikapaza sauti: “Hapa! Ona vijia vyote hivi. Bantu banapita hapa sana!”

Ilunga, jirani yangu aliyewahi kubeba vyombo vya wapima ardhi, alikuwa amekuja kutazama; akashika tumbo kwa kicheko. “Yaya, mukubwa wangu, ile haiko njia! Mistari ikibanana hivyo, mulima umesimama kama ukuta. Wewe ulipita na mabawa?”

Munganga akakunja ramani polepole. “Mara zile mbili, ulipandia wapi?”

Nikainamisha kichwa. “Bwana, mulima wenyewe sijauona.”

Akamgeukia Ilunga, akamuuliza kama ana nafasi mwezi ujao.