Darasa karibu zima lilimsifu mhadhiri, rafiki yangu akadisko

Admin, naomba ufiche jina langu na la chuo, mji wenyewe huu tunajuana wote. Mimi ni binti wa miaka 23, nipo mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja huku Rukwa. Nyumbani ni Izia ila nimepanga Kizwite na rafiki yangu, nitamwita Anna. Nilikuwa nimepanga naye, niseme hivyo, maana ameshaondoka na mimi sina raha.

Kuna somo la takwimu. Mhadhiri wake muhula mzima alikanyaga darasani mara za kuhesabu. Siku zingine anatupia notsi kwenye grupu la WhatsApp, anasema tusome tutaelewa. Tuelewe nini jamani, zile ni fomula tupu! Aliyeteseka zaidi ni Anna, mtoto wa kijijini Kaoze, shule aliyosoma mwalimu wa hesabu walikuwa wanamsikia tu. Alikuwa anasoma mpaka macho yanamvimba.

Sasa chuoni kwetu huoni matokeo mpaka ujaze tathmini ya mhadhiri kwenye mfumo. Wanasema ni siri, lakini nani anaamini, wakati umeingia kwa namba yako ya usajili? Kwa hiyo kila mtu anabonyeza "vizuri sana" juu mpaka chini, anakimbilia matokeo yake. Anna naye alifanya hivyo. Mimi siku hiyo nilikuwa na hasira zangu, nikaandika yote: haingii darasani, hafundishi, na alichotunga kwenye mtihani hatujawahi kukiona.

Matokeo yakaja, nusu ya darasa wana sapu, yaani mtihani wa marudio. Mimi nilipona kwa C. Anna akarudia mtihani, akafeli tena yeye na wenzake kadhaa. Wamedisko, ndiyo basi, wamefukuzwa chuo.

Mkuu wa idara alishtuka, na kwa hilo namshukuru. Akatuita wote, akasema matokeo mabaya kiasi hiki yanaonyesha somo lenyewe lina shida, angependa libadilishwe na waliofeli wafundishwe upya. Halafu akatuangalia.

"Lakini ninyi wenyewe mmeandika anafundisha vizuri sana. Mmoja tu ndiye kaandika tofauti. Huyo mmoja aje aseme mbele ya kikao Jumatatu. Bila mtu wa kusimama, watasema hawa ni wavivu tu."

Mimi naangalia viatu vyangu. Mhadhiri huyo huyo ndiye msimamizi wa utafiti wangu, asiposaini sihitimu. Nilimdokeza CR wetu, mwakilishi wa darasa, akaniambia nisithubutu, tumebakiza muhula mmoja nitawaponza wote. Mama naye kasema waliofeli si ndugu zangu. Ameuza maharage sokoni miaka yote hii ili nisome, namwelewa, lakini maneno yale yaliniuma.

Jana baba yake Anna alipanda kutoka Kaoze kufuata vitu vya mwanawe. Nikampa shikamoo, nikamkaribisha kiti. Ni mzee mpole mno. Akasema Anna hali chakula, hatoki ndani, kijijini wanasema alikuja mjini kufuata wanaume. Yeye mwenyewe alishamgombeza kwa hilo. Kisha akaniuliza taratibu.

"Mwanangu, wewe ulikuwa unaishi naye. Niambie ukweli, alikuwa hasomi?"

Nikamwambia alikuwa anasoma sana. Akauliza, "Sasa mbona wewe umefaulu?" Nikamsaidia kufunga godoro.

Anna hajui kwamba yule mmoja ni mimi. Nikienda Jumatatu, naweza nisihitimu, na mama yangu atakuwa amehangaika bure. Nisipoenda, Anna atabaki kuitwa mvivu na malaya kijijini kwao, na mwakani wengine watakaa kwenye somo lile lile, kwa mhadhiri yule yule, na watabonyeza "vizuri sana" kama sisi.

Ndugu zangu, nishaurini, niende au nisiende? Ila atakayeniambia ninyamaze, aniambie pia yule mzee nimjibu nini, kwa sababu ameniomba namba ya simu na amesema atanipigia.