Waliokandika Ukuta

Mama alijenga nyumba ya kupangisha pale Korogwe, karibu na stesheni, mara tu baada ya Uhuru. Baba alikuwa amefariki, na ng'ombe aliowaacha kwetu Handeni waliuzwa wote wakageuka miti, fito na bati. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Chumba cha mbele tulikaa mimi na yeye. Ndugu zake walimcheka sana: mwanamke wa Kizigua anaacha shamba la mahindi aende kulima wapangaji!

Na kweli wapangaji ni zao gumu. Mchwa walikula nguzo, choo kilifurika kila masika, wanawake waligombania jiko. Mama, ambaye hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe, aliwaamua kwa kumwagia maji mafiga yote. Baadaye, siku za Ujamaa, tukasikia mkutanoni kwamba wenye nyumba za kupangisha ni wanyonyaji. Alirudi nyumbani amenuna.

"Mimi ninyonye nini? Matope?"

Masika yaliyofuata ukuta mzima wa upande wa barabara ulilala chini. Vyumba vitatu vikabaki wazi, vitanda vya watu vinatazamana na wapita njia. Nilijua wapangaji watahama, na bila wao hatuna chakula. Mvua ilipopumzika, mama na mimi tukaanza kusomba udongo.

Mpangaji wetu mmoja alikuwa mzee aliyeletwa zamani kutoka Kigoma kama manamba, akakata mkonge Mazinde mpaka mguu ukamharibikia. Alitoka na jembe lake.

"Acha, mzee wangu," mama akamwambia. "Kazi hii si yako."

Nilimshangaa. Mama akanivuta pembeni akanikumbusha desturi ya kwao Handeni: mtu aliyeweka udongo wake ukutani haambiwi toka. Amekwisha kuwa wa nyumba ile. Mimi nilicheka, maana huku ni mjini, nani anajua hayo? Lakini mzee alikuwa tayari anapiga kelele ukumbini, "Msaragambo! Msaragambo!" kama Washambaa wanavyoitana kwenye kazi ya wote. Akatoka muuguzi, akatoka kibarua wa reli, wakatoka wote. Walikanyaga udongo kwa miguu, wakajaza fito, wakakandika huku wakitaniana. Jioni ukuta ulikuwa umesimama. Mama akaenda kusonga ugali wa watu wote.

Haukupita muda akaja bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga. Alikitaka kiwanja chetu, na bei aliyoitaja ingetujengea nyumba ya matofali, sakafu ya saruji, ukuta usiojua mvua. Sharti lake lilikuwa moja: nyumba iwe tupu. Moyo wangu uliruka. Mama alimwomba arudie kutaja bei, akarudia.

"Siwezi kuwatoa," mama akasema. "Wamekandika."

"Si wapangaji tu, mama?" mgeni akauliza.

"Walikuwa."

Yule bwana alinitazama nimsaidie kuelewa. Lakini angeelewaje? Hakuna aliyejua desturi ile isipokuwa mama na mimi. Mama angeweza kunyamaza tu, na wapangaji wangeondoka bila kinyongo. Nilistaajabu mpaka mwili ukanisisimka, na hadi leo nikimkumbuka pale kitini nastaajabu upya.

Mzee alikuwa amesikia yote. Akatoka chumbani na sanduku lake la mbao.

"Uza, mama. Mimi sitakosa pa kulala."

"Haya, nenda," mama akajibu kwa ukali. "Ila nenda na ukuta wako. Bandua udongo wako wote, usiniachie hata donge."

Mzee akarudi ndani kulitua sanduku. Mama akamtaka radhi mgeni, akainua birika amwongezee chai. Alimimina bila kutazama kikombe, hata chai ikafurika mezani, na hapo ndipo nilipojua kwamba nyumba ile ya matofali aliitaka kuliko nilivyoitaka mimi.