Mgeni Aliyeutaka Ukili wa Bibi

Ijumaa, saa kumi kasorobo alasiri, ndipo mgeni alipovua viatu mlangoni kwetu Kinondo akamwambia bibi shikamoo. Shangazi, anayefanya usafi kwenye nyumba ya wageni huko Diani, ndiye aliyemleta. Mgeni ni mchoraji wa jamii ya Mi'kmaq, watu waliokuwa Kanada kabla Wazungu hawajafika. Alituonyesha picha zake kwenye simu: mistari iliyojikunja, ambayo bibi zake waliitia kwenye magome ya miti kwa miba ya nungu, yeye ameipaka rangi kali juu ya turubai kubwa kama mlango.

Zilikuwa nzuri, na hapo ndipo roho yangu iliposhtuka. Mtu aliyeweza kuvitundika vya bibi zake ukutani vikanunuliwa, vya bibi yangu atashindwa?

Maana bibi ana ukili wake, ule utepe wa majani ya miyaa unaoshonwa ukawa mkeka, wenye nakshi ya mikeka ya maharusi wa kwetu. Alikuwa akimsukia dada yangu, anayekaribia kuolewa. Anayeijua nakshi ile ni yeye peke yake.

"Mwambie asipige picha," nilimnong'oneza shangazi.

"Mwambie mwenyewe. Si uko fomu tatu? Au Kizungu chako ni cha mtihani tu?"

Mbele za wageni ulimi wangu huwa mzito.

Mgeni hakupiga picha, alichora. Bibi akautazama mchoro, akacheka. "Maua ameyapata, njia hakuipata. Huu hauingii kwa macho, mwanangu." Shangazi akafasiri. Bibi akampa miyaa iliyoloweshwa. Sharti lake ndilo hilo: anayeutaka ausuke, bibi aufumue, ausuke tena.

Nilifurahi, nikijua atakwama. Lakini vile vidole vilivyokwenda! Alisema kwao husuka vikapu kwa mbao nyembamba kama utepe. Bibi alifumua, akafumua tena, kisha akaacha.

"Mashallah. Mikono hii imeshafanya kazi. Mwambie arudi kesho."

Alipokwenda zake nilimwambia bibi, "Ataupaka kwenye turubai auuze, nasi tusijue."

"Huenda," bibi alisema, akiokota mabaki ya miyaa. "Na wewe nilipokuita ukae usuke, ulisema inakukata vidole. Nikifa, watoto wako watasukiwa na nani? Utapanda ndege ukamwulize huyu?"

Shangazi alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka.

Asubuhi yake niliiloweka miyaa kabla bibi hajamaliza chai. Mgeni aliporudi alinikuta nimeshakaa miguuni pa bibi na ukili wangu umepinda vibaya, mgongo nimempa yeye mgeni.

"Sogea kidogo, mjukuu wangu," bibi alisema. "Mgeni haoni."

Niliitikia vizuri kabisa, lakini sikusogea.