Nilivyokosea Alt+Tab, picha za kupamba zikaondoka zimo mfukoni mwa mwanamume

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yamenikuta mwenyewe, wala sijatia chumvi.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Mji wa Kale. Kwa kuwa ni mwanamke, kazi zangu nyingi ni za kupamba. Kwa wasiojua, hiyo ni sherehe ya wanawake watupu. Mabuibui yanavuliwa, watu wanacheza, na mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia.

Mama wa bibi harusi, Bi Zuhura, alinishika mkono mlangoni akanambia, "Mwanangu, picha za watu wangu ni amana kwako."

Jumatatu mchana akaja Farid, kaka wa bwana harusi, kuchukua picha za nikahi alizopiga mwenzangu wa kiume. Pikipiki inanguruma nje, yeye anatazama saa. Nami nikaanza kukimbizana na wakati.

Mausi ya kompyuta siipendi, kazi yangu yote ni keyboard.

Nilikuwa na madirisha matatu wazi: picha za wanaume, picha za wanawake, na flash yake. Folda zenyewe sijazipa majina. Moja "New folder", nyengine "New folder" ya pili. Ndani ni orodha ya namba tu, picha hazionekani.

Alt+Tab. Ctrl+A. Ctrl+C. Alt+Tab tena. Ctrl+V. Yaani nahama dirisha, nachagua zote, nanakili, nahamia kwenye flash, nabandika.

Akatia flash mfukoni, akaenda.

Kuja kutazama kioo, nikafungua faili moja kwenye folda iliyogeuka buluu yote: ni ya wanawake.

Nilibonyeza Ctrl+Z, ile ya kutengua, kama mwendawazimu, wakuu. Ctrl+Z ya nini, na flash iko njiani kwenda kwao Farid, Tononoka?

Simu yake haishikwi. Nikatoka, hata sikumbuki kama nilifunga mlango. Tuktuk ikakwama kwenye foleni, nikashuka, nikaenda mbio na buibui langu, watu wananitazama. Kichwani ni hayo kwa hayo: ameshafika, ameshachomeka, wenziwe wamekusanyika.

Mlango ulifunguliwa na mamake. Farid alikuwa nyuma yake, macho chini.

"Nimefungua moja tu," akasema. "Nilipoona ni wanawake nikaitoa, nikampa mama. Hakuna mwengine aliyeona."

Mamake akanipa flash, ameifunga ndani ya kitambaa. Nikakaa pale pale kizingitini.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilifika kazini nikashindwa kukaa, nikaenda kwa Bi Zuhura, nikamweleza yote.



"Ahsante kwa kunambia," akasema. "Lakini harusi ya mdogo wake bibi harusi nitatafuta mpiga picha mwengine."

Sikumlaumu.

Nilichojifunza: shortcut inaharakisha kazi, na kosa pia inaliharakisha. Sasa folda ikizaliwa tu, F2, naipa jina. Sibonyezi Ctrl+A kabla sijasoma jina lililo juu ya dirisha. Na flash haitoki mkononi mwangu mpaka nifungue faili moja ndani yake nione kilichomo.

Nyinyi mnaoshika picha za watu, mnazitenganisha vipi?

Na mngekuwa mimi, mngeenda kumwambia Bi Zuhura au mngenyamaza? Nijibuni kwa ukweli, maana mume wangu ananambia nilijiharibia mwenyewe, na mimi bado sijaweza kukubaliana naye.