Siku Uwanja wa Segese Ulipohama

Rafiki wa mume wangu alijifunza kuanguka katika ua wa nyumba yetu, Segese, juu ya magodoro niliyokuwa nimeyaanika juani. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Nilirudi kutoka shuleni ninakofundisha fasihi, nikamkuta mtu mzima, baba wa watoto, manju anayeongoza ngoma mbele ya umati wa watu, akijirusha chali kama gunia la pamba, huku mume wangu amesimama pembeni na simu mkononi, akitazama video ya mieleka na kumkosoa.

"Kidevu kifuani, nkoi," mume wangu alimwambia, akitumia neno ambalo Wasukuma humwitia rafiki wa damu. "Kichwa kikitangulia chini, nitamweleza nini mkeo?"

"Mwambie baba yake abaki na ng'ombe wangu wa mahari. Nimesamehe." Kisha akaniona, akaruka juu na kujifuta vumbi kwa haraka. "Shemeji, mwadila," akanisalimu kwa Kisukuma. "Usikasirike. Magodoro yako yanatunza heshima ya ukoo."

Sikucheka. Ninakumbuka hilo kwa majuto, kwa kuwa miezi iliyofuata ilimwondolea mtu huyo utani mwingi.

Wawili hao walichunga ng'ombe pamoja utotoni, na katika ujana wakachimba dhahabu pamoja Mwakitolyo, katika duara moja, yaani shimo jembamba linaloteremka hadi mtu asione tena jua. Jioni walikuwa wakitoka humo weupe kwa vumbi la mawe na kwenda katika banda la video kutazama mieleka ya kulipwa: majitu ya ng'ambo yakitupana, yakitukanana, yakifufuka pale ambapo mtu wa kawaida angezikwa. Huko ndiko mume wangu alikoipatia ndoto yake. Alipoacha uchimbaji akanunua spika na gari la matangazo, akawa mtu wa harusi na mikutano. Lakini moyoni alikuwa akisubiri siku atakayosimamisha ulingo wake mwenyewe.

Rafiki yake alikuwa na sababu nyingine ya kukubali kupigana humo, na hiyo ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Kikundi chake cha ngoma kilikuwa kinapungua. Vijana walivutwa na migodi na simu, na wazee waliobaki walipiga ngoma kwa mikono iliyochoka. Aliamini kwamba vijana wakimwona manju wao ulingoni watamfuata tena uwanjani wakati wa mavuno. Umanju ulikuwa uhai wake. Alikuwa ameurithi kwa mjomba wake, na hakuwa na kazi nyingine iliyomfanya atembee kifua mbele.

Kwa asiyezaliwa huku, yafaa nieleze mashindano ya ngoma yalivyo. Baada ya mavuno, vikundi viwili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jopo la waamuzi. Watazamaji ndio mahakimu: husimama pale wanapovutiwa, na mvuto ukihamia ng'ambo, nao huhama. Kikundi ambacho upande wake umebaki mtupu kimeshindwa, na fedheha humwangukia manju, kwa maana husemwa kwamba dawa yake imezidiwa na dawa ya mwenzake. Mimi nililelewa Mwadui, mtoto wa karani, katika nyumba iliyoheshimu vitabu na kuyaita mambo hayo ushirikina. Nilitazama ngoma kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha.

Mpinzani alipatikana Dar es Salaam: mwanamieleka mzoefu, mpole, mwenye kula kidogo, ambaye hupanda ulingoni akiwa amevaa kinyago. Alikuja mapema, akaketi sebuleni kwetu na kuueleza mchezo bila kuficha kitu. Matokeo hupangwa. Kila mmoja anautunza mwili wa mwenzake. Pambano la kwanza, mgeni angeshinda kwa hila: mwamuzi akigeuka, angemtupia manju unga wa muhogo machoni na kumwangusha. Umati ungekasirika. Pambano la pili lingefanyika Kahama, na hapo manju angelipiza kisasi mbele ya umati mkubwa maradufu.

"Hasira ndiyo inayomrudisha mtazamaji," alisema. "Na siri ya ulingo haitoki nje ya watu wa ulingo."

Manju alikubali. Nikawaambia wote watatu maoni yangu: kwamba uigizaji ni kazi ya heshima pale tu mtazamaji anapojua kuwa anaigiziwa, na kwamba watu waambiwe waziwazi.

"Mwalimu," mume wangu alinijibu, kwani hivyo ndivyo huniita anapotaka kunishinda, "nani atapanda bodaboda kutoka Mwakitolyo aje kumwona mtu anayeanguka kwa makubaliano?"

"Wazazi huja kutazama maigizo ya shule yetu."

"Huja kwa ajili ya pilau."

Mgeni akacheka hadi akakohoa. Nami nikaliacha jambo hilo, nikaenda kuongeza chai.

Matangazo ya mwanzo hayakumgusa mtu. Gari lilizunguka minadani, spika zikanguruma, mabango yakabandikwa kwenye kuta za maduka na mashine za kusaga. Lakini wafugaji waliuliza swali moja lililomkosesha mume wangu usingizi: huyo mgeni ana watu gani? Nani atasimama upande wake? Pambano lisilo na pande mbili halikuwa pambano machoni pao.

Ndipo akapata wazo, na sina budi kukiri kwamba lilikuwa wazo la mtu mwenye kipaji. Ulingo ungewekwa katikati ya uwanja wa mpira. Upande wa mashariki kingesimama kikundi cha manju, na upande wa magharibi, kwa niaba ya mgeni, kingepiga ngoma kikundi kilichokuwa mpinzani wa manju tangu enzi za mjomba wake. Mnada uliofuata, habari ilikwisha kutangulia gari. "Mashariki ngoma, magharibi ngoma, katikati wanaume wawili!" mume wangu alitangaza. "Njoo na miguu yako uchague upande!"

Walikuja na miguu yao. Kabla ya alasiri uwanja ulikuwa umefunikwa, na upande wa mashariki ulikuwa umejaa kiasi kwamba watoto walipandishwa juu ya paa la gari letu. Manju aliingia akicheza, njuga miguuni, na vijana ambao alikuwa amewakosa kwa miaka mingi walimwitikia kwa sauti moja. Nilimtazama usoni. Sijawahi kumwona mtu akiwa na furaha iliyotimia namna ile.

Mgeni alipotokea na kinyago chake, mashariki wote walimzomea.

"Baba, soksi huvaliwa miguuni!"

"Mwacheni, labda anamkimbia mkewe!"

Walishikana, wakatupana, mbao zikalia. Manju alikuwa anashinda, kama ilivyopangwa. Kisha mwamuzi akageuka, mgeni akachota unga kiunoni na kumrushia usoni. Manju akashika macho, akayumba, akanyanyuliwa na kuanguka chali, kidevu kifuani, kama alivyofunzwa katika ua wangu. Hakuinuka.

Nilingoja hasira. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu, mtoto mgongoni, akainua kigoda chake, akauzunguka ulingo na kwenda magharibi. Akafuatwa na wazee. Wakafuatwa na vijana. Hapakuwa na chuki wala kelele. Walivuka kwa utulivu wa watu wanaotii jambo lililo wazi.

Mume wangu akanyakua maikrofoni. "Jamani, rudini! Huyu ametudanganya! Hamkuona alivyotupa unga?"

"Tumeuona!" mzee mmoja alimjibu bila kusimama. "Ndiyo maana tunavuka!"

Nilielewa papo hapo, na nadhani mume wangu naye alielewa, kwa maana mkono wenye maikrofoni ulishuka. Mahali pengine unga ule ungekuwa hila. Hapa, katika uwanja wenye ngoma mbili, mtu anapompulizia mwenzake unga na mwenzake akaanguka, hiyo ni dawa, na dawa iliyoangusha ndiyo yenye nguvu. Mume wangu, Msukuma wa kuzaliwa, aliyasoma mapambano kwa macho ya banda la video na kuyatangaza kwa lugha ya ngoma, akasahau kwamba lugha hiyo ina sheria zake. Aliwaambia watu wachague upande kwa miguu. Walichagua.

Manju alikuwa bado amelala ulingoni, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Aliusikia upande wake ukiondoka.

Pambano la Kahama halikufanyika. Nani angekwenda kutazama jambo lililokwisha kuamuliwa? Mgeni aliondoka akiwa amehuzunika kweli, akisema katika kazi yake yote hakuwahi kushangiliwa kwa kudanganya. Wazee wa kikundi walikutana, wakamshukuru manju kwa miaka yake, wakampa umanju mtu mwingine.

Mume wangu alikonda. Siku moja, manju akiwa ameketi barazani kwetu, alimwambia: "Nkoi, kesho ni mnada. Nitawasha spika niwaambie ukweli, kwamba tulipanga, kwamba hukuangushwa."

Nami niliunga mkono. Nilisema, kwa maneno mazuri ya darasani, kwamba ukweli haujachelewa.

Manju alinitazama kwa upole ambao sikuustahili. "Shemeji, ukweli upi? Kwamba nilikubali? Leo mimi ni mtu aliyeshindwa. Hilo humpata yeyote. Spika hizo zikisema, nitakuwa mtu aliyeuza upande wake kwa makubaliano, mbele ya ngoma ya wapinzani wetu. Watoto wangu wataoa wapi?" Akamgeukia mume wangu. "Usiwashe."

Hakuziwasha. Nimesoma mengi juu ya wema wa ukweli, na bado ninauamini. Lakini siku ile nilijifunza kwamba kuna saa ambayo ukweli humwokoa mtu, na ikipita, ukweli uleule humzika. Saa yetu ilikuwa sebuleni, kabla ya mabango kubandikwa, na niliiacha ipite kwa sababu ya pilau.

Mavuno yaliyofuata vikundi vile viwili vilikutana katika uwanja uleule. Nilikwenda, jambo ambalo si kawaida yangu. Manju mpya alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na hofu nyingi, na mapema mashariki palianza kupungua. Watu walivuka mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Rafiki wa mume wangu alikuwa amesimama mahali pa watazamaji, bila njuga, akiitikia nyimbo alizotunga mwenyewe. Mume wangu alikuwa pembeni yake. Wote walipokwisha kuhama, hao wawili walibaki.

Mimi nilikuwa karibu na barabara, nje ya pande zote, kama nilivyosimama maisha yangu yote. Nikauvuka uwanja nikaenda kusimama nao.

"Shemeji," alisema bila kuyaondoa macho kwa wapiga ngoma, "umechagua upande mbovu."

"Najua."

"Basi itikia. Tuko wachache."

Nilijaribu kuitikia. Sikuyajua maneno.