Jina la Kumwita Mbwa Jioni

Harufu ya mbwa aliyenyeshewa haipendwi na mtu, nami sitajifanya kwamba naipenda. Lakini juzi mbwa wa jirani alikimbia mvua akaja kujikung'utia barazani kwangu, hapa Biharamulo mjini, na badala ya kumfukuza nilijikuta nimesimama na ufagio mkononi, nimesahau nilichotoka kufanya. Manyoya mabichi, majivu ya jikoni, ndizi zinazochemka kwenye chungu. Kwa kitambo nikawa na miaka tisa tena, miguu imejaa tope jekundu la Ngara, na namtaka mbwa kuliko kitu kingine chochote.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa kule Mbuba, na mimi bado nilikuwa sijazoea. Zamani nyumba yetu ilikuwa juu mgongoni mwa kilima, peke yake, imezungukwa na migomba mpaka ukiwa uani huoni moshi wa mtu mwingine. Sasa tulikaa bondeni kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi asubuhi, na jirani akikohoa unamsikia. Migomba yetu ilibaki kule juu. Tuliipandia kila baada ya siku mbili tatu kukata ndizi, na ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito hata mama aliyekuwa mbele yangu niliona visigino vyake tu, vikipanda. Nilipenda sana asubuhi zile. Nilijiambia kwamba tukifika, nyumba ya zamani itakuwa imesimama palepale, na sisi wenyewe tumo ndani tunaota moto.

Aliyekuwa akilinda migomba hiyo ni mjomba Gabrieli, kaka mkubwa wa mama. Kijijini alikuwa na nyumba kama wengine, lakini mchana wote alishinda juu na mbwa wake jike, na mwaka ule mbwa huyo akazaa watano. Nilipowaona wamelala juu ya majani makavu ya mgomba, matumbo yamejaa, wanaota na kutikisa miguu, nikachuchumaa hapohapo. Nilimwamkia mjomba shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa, naye akaitikia marahaba mara mbili bila kucheka. Kisha nikamwomba mmoja.

Mjomba hakuwa mtu wa kusema ndiyo kwa haraka. Aliniuliza mambo matatu. Siku ambayo nyumbani hakuna chakula, mbwa atakula nini? Nikasema atakula nusu ya changu. Kupe wakimjaa masikioni, nani atawatoa? Nikasema mimi, na nikamwonyesha kucha zangu. Halafu akauliza jina. Jina sikuwa nalo.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana najua wengine mnafuga mbwa wanaoitwa Simba na Tomi. Kwetu, wakati ule, mbwa hakupewa jina la kumpamba. Jina lake lilikuwa maneno ambayo mwenye nyumba alitaka watu wayasikie bila yeye kwenda kuwaambia usoni. Ulisimama uani jioni ukamwita mbwa wako kwa sauti, na mwenye kuhusika akasikia. Yalikuwa majina ya Kihangaza, nami nitayaandika kwa Kiswahili ili twende pamoja. Mbwa wa mjomba aliitwa Sikuwauliza, na watu wote walijua ni jibu kwa shemeji zake waliompangia amwoe nani.

Huko vilimani desturi hiyo haikuwa na shida. Maneno yalivuka bonde yakafika yamechoka. Lakini kwenye mistari ya kijiji kipya, nyumba hadi nyumba ni hatua kumi na tano, yakafika yana nguvu zote. Mzee mmoja alikuwa na mbwa aitwaye Mnakula Mnasahau, jina alilompa miaka mingi nyuma kwa ajili ya ukoo fulani wa ng'ambo ya mto. Jirani yake mpya, mtu aliyehamia kutoka Kirushya ambaye hakuwahi kula hata karanga kwake, alilisikia jioni ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaenda kushtaki. Mwenyekiti wa kijiji alisikiliza kesi ya mbwa asubuhi nzima, watu wakiwa wameacha majembe. Hukumu ilikuwa kwamba mzee amwite mbwa wake kwa mluzi. Mzee alikuwa hana meno ya mbele, kwa hiyo mbwa akawa hasikii, na kesi ikarudi.

Basi mjomba akaniambia watoto wa mbwa wakianza kula ugali atawagawa, na mtu wa Bugarama amekwisha kuomba wawili. Nisipokuwa na jina, wangu atakwenda naye. Niliteremka kilima nikiwa na kazi kubwa kichwani.

Nilifikiria majina njia nzima, na siku zilizofuata nilifikiria shambani, kisimani na kanisani. Kwanza nilitaka Hesabu Ngumu, kwa ajili ya mwalimu wetu. Halafu Mwizi wa Karanga, kwa ajili ya mdogo wangu, aliyekuwa akiingiza mkono kwenye kibuyu changu. Nikampelekea mama majina hayo jioni akimenya ndizi. Mama hakuwa anamtaka mbwa, maana chumvi yenyewe tulikuwa tunaipangia foleni katika duka la kijiji. Hata hivyo alisikiliza, akatupa ganda, akasema:

"Hilo neno utalisema kwa sauti kila jioni mpaka mbwa azeeke. Uko tayari?"

Nikafikiria mdogo wangu akiwa mtu mzima, ana ndevu, na mimi bado namwita mwizi mbele ya watoto wake. Nikaona siko tayari.

Baba hakuwapo siku hizo. Vita ilikuwa imeanza kule Kagera upande wa kaskazini, na asubuhi moja lori lilikuja likachukua mgambo wa vijiji vyetu. Baba alipanda, na Deo alipanda, kijana wa nyumba inayotazamana na yetu, mtoto pekee wa mama yake. Walisimama nyuma ya lori bega kwa bega. Mama Deo alimpa mwanawe ndizi zilizochomwa, zimefungwa kwenye jani, na Deo akaona aibu akazificha ndani ya koti. Baada ya hapo hatukuwa na habari, isipokuwa redio ya duka la kijiji, ambayo ilizungumza juu ya majeshi na haikutaja mtu yeyote tuliyemjua.

Siku moja kisimani mwanamke mmoja, simtaji, akasema kwa sauti ya kujua mambo kwamba waliochukuliwa na malori wameliwa na mto, hata mmoja harudi. Mama alijitwika mtungi wake, na njiani niliona maji yanamwagika mabegani ingawa hakuwa mtu wa kumwaga maji. Nilikasirika. Nikataka kurudi kumjibu yule mwanamke, lakini mtoto hamjibu mtu mzima. Hapo ndipo jina lilipokuja, lenyewe, nikiwa natembea.

Kesho yake nikapanda kilimani kabla ya shule. Nikamwambia mjomba mbwa wangu ataitwa Atarudi. Mjomba akaingia kwenye yale majani, akachagua wa kahawia mwenye sikio moja lililolala, akamweka mikononi mwangu. Alikuwa na joto, na moyo wake ulikuwa unapiga haraka kuliko nilivyotegemea. Nilishuka naye taratibu kwenye ukungu nikiogopa kujikwaa.

Kila jioni nikawa nasimama uani na kupaza sauti. Atarudi! Na yule kijibwa anakuja mbio, miguu inampita, anajigonga magotini kwangu. Yule mwanamke wa kisimani alikaa mstari wa pili, na ninaamini alisikia vizuri. Mama alikuwa jikoni, nami nilisikia mwiko ukisimama kwenye chungu kila nilipoita. Mama Deo alikuwa akitoka mlangoni kwake kutazama. Mara nyingine alimrushia mbwa kipande cha kiazi. Zilikuwa siku tamu, nitasema kweli, ingawa vita ilikuwapo. Nilijiona nimeweza.

Kisha balozi wa nyumba kumi akaja na watu wawili wenye viatu vizito, wakaingia kwa Mama Deo. Tulisikia kilio kabla hawajatoka. Deo alikuwa amefia huko mbali na kuzikwa hukohuko. Hakukuwa na mwili, hakukuwa na hata koti. Watu walikaa msiba, moto ukawashwa uani kwake, majembe yakalala siku zile kama ilivyo desturi. Na jioni ya kwanza mimi, kwa mazoea tu, nikasimama nikavuta pumzi na kumwita mbwa wangu.

Mama alitoka jikoni akanifunika mdomo kwa kiganja chenye unga. Hakunipiga, hakunigombeza. Ng'ambo ya njia watu waliokaa kwenye moto walikuwa wamegeuka wote, isipokuwa Mama Deo. Yeye aliendelea kutazama chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimkimbilia mjomba nikamwomba anisaidie kubadili jina. Akasema mbwa akishalijua jina lake halitoki, ukimwita vingine atakaa tu. Nikamwuliza mama kama nimrudishe. Mama akasema mbwa ni wangu, niamue mwenyewe. Sikuwahi kuona swali gumu kama lile. Nilikuwa nimejiandaa kwa njaa na kupe, nikasahau kujiandaa kwa watu wengine. Nikaamua nitamfuga kimya. Nikamfunga kwa kamba ya mgomba pembeni mwa jiko, nikampa chakula mkononi, na kwa wiki tatu sikutamka jina lake hata kwa kunong'ona.

Mbwa alikonda. Alinitazama kama mtu aliyekosewa. Jioni moja, matanga yalipokuwa yamekwisha siku nyingi, nikatoka na chakula chake nikakuta kamba imetafunwa. Nikamwona mbali, kwenye njia ya kilimani, anapanda kuelekea kwa mama yake. Jua lilikuwa linazama. Kule juu hakukuwa na mtu tena saa zile, mjomba alikuwa ameshuka, na chui alikuwa ameonekana mara mbili kwenye migomba iliyoachwa. Niliita kwa mkono. Nikapiga makofi. Nikarusha jiwe dogo njiani. Mbwa alisimama, akatazama nyuma, akangoja neno lake, na mimi nilikuwa nalo mdomoni na sikuweza kulitoa. Machozi yakaanza kunitoka. Akageuka, akaendelea kupanda.

"Atarudi!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya njia. Mama Deo alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha msiba kichwani, mikono imeshika miimo ya mlango. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, sauti ikapasuka katikati. Mbwa akashuka kilima kwa kasi ambayo sijaiona tena, akapita kwake kwanza, kisha akaja kwangu.

Tangu siku ile yeye ndiye aliyemwita. Jua likizama alitoka, akashika miimo ile, akaita mara mbili, mara nyingine mara nne, hata mbwa akiwa amelala miguuni pangu na anatazama tu. Baba alirudi baada ya miezi, amekonda, na blanketi begani, na kijiji kikamshangilia. Jioni hiyohiyo Mama Deo alitoka akaita kama kawaida. Aliita mwaka ule na miaka iliyofuata, mpaka mbwa akazeeka kweli.

Nilidhani ananisaidia. Niliamini amenionea huruma kwa sababu mimi nilikuwa naogopa kuita. Ilinichukua miaka mingi, na kaburi la mtoto wangu mwenyewe, kuelewa kwamba mama aliyeambiwa mwanawe amekufa, ambaye hakuona mwili, akisimama mlangoni na kupaza neno lile, watu watamshika mikono wamwingize ndani na kumwombea. Lakini ikiwa kuna mbwa, hakuna wa kumzuia. Alilisema kwa sauti, kila jioni, mbele ya kijiji kizima, na kila jioni mimi nilivuka njia nikamwambia asante.